Somo la Klinyoteri: Namna ya Kutafuta Ubovu wa Umeme katika Taa za Kukonyeza za Gari

Ndugu msomaji, wewe ukaaye katika vijiji vya Masisi, Walikale au Rutshuru, jirani na machimbo, mazao yako hayaendi Goma kwa miguu yake. Viazi, kabichi, maharagwe na jibini hupanda kamyoneti, na mara nyingi wewe mwenyewe hukaa juu ya magunia. Labda gari ni la mjomba wako, labda ninyi watu kumi mmelinunua kwa shirika, labda unalipa nauli tu. Vyovyote vilivyo, imekufaa kujua habari za taa zile ndogo za rangi ya machungwa zinazokonyeza gari linapotaka kugeuka. Wengine huziita indiketa. Sisi tuliozoea maneno ya mafundi wa Goma twaziita klinyoteri.

Mtu atauliza: "Taa ndogo namna hii, kwa nini tuifanyie somo zima?" Sikiliza sababu. Magari mengi ya kwetu yalitengenezwa kwa watu wa Japani, na usukani wake uko upande wa kuume. Lakini katika Kongo twapita upande wa kuume wa barabara. Basi shofere amekaa upande wa mtaro, mbali na katikati ya njia. Pikipiki inayomfuata na kutaka kumpita kwa kushoto, yeye haioni vema. Akikata kushoto bila kukonyeza, mwenye pikipiki hana habari mpaka ameliona bati la gari mbele ya kifua chake. Mkono wa konvoyeri nje ya dirisha hausaidii usiku, wala katika mvua, wala katika vumbi jeusi la mawe ya volkano. Na pikipiki ile haibebi mtu mmoja peke yake. Mara nyingi imebeba mama na mtoto mgongoni.

Klinyoteri ikikataa, watu wengi hufanya jambo moja: hukimbia Birere kununua rele mpya. Huiweka, taa zinakataa vilevile, wanarudi kununua kitu kingine. Hiyo si kutafuta ubovu, ni kucheza karata kwa fedha ya viazi. Ubovu wa umeme una njia yake ya kutafutwa, na njia hiyo haitaki elimu kubwa. Yataka macho, subira, taa moja ya kupimia na kipande cha msasa.

Njia ya umeme

Kwanza ujue njia ambayo umeme hupita. Hutoka katika betri, upande wa alama ya kuongeza (+). Hupita katika fyuzi, ambayo ni uzi mwembamba uliowekwa makusudi uungue kwanza, ili waya nyingine zisiungue. Kisha hufika kwa rele. Rele ndiyo yenye kufunga na kufungua njia, tak, tak, tak. Sauti hiyo unaisikia ukikaa mahali pa shofere. Kutoka kwa rele umeme huenda kwa kishikio kilicho chini ya usukani. Kishikio ni kama njia panda: ukikisukuma huku, umeme huenda taa za kushoto; ukikisukuma kule, huenda za kuume. Huko huingia ndani ya ampuli, huufanya uzi wake mwembamba kuwa mwekundu kwa moto na kung'aa, kisha hurudi kwa betri, upande wa alama ya kutoa (–).

Je, hurudi kwa waya gani? Hapa wengi hupotea. Kwa kurudi, mara nyingi haupiti waya ndefu. Hupita bati na chuma cha gari lenyewe. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita masi. Maji ya mfereji wako wa shamba yakifika kwa maharagwe, kazi imekwisha. Hayataki kurudi mtoni. Umeme si hivyo. Usipoona njia ya kurudi kwao, hautoki kabisa. Shika neno hili, maana katika nchi yetu ya matope, masi mbaya ni chanzo cha taabu nyingi za taa.

Tena uko mlango wa pili wa kuingilia: kile kitufe chenye pembetatu nyekundu, ambacho huwasha taa zote za kukonyeza pamoja wakati wa hatari. Katika magari mengi kitufe hicho hupata umeme wake kwa fyuzi nyingine, tena hufanya kazi hata ufunguo ukiwa umetolewa. Kwa kutafuta ubovu, kitufe hicho ni msaidizi wako mkubwa kuliko chombo chochote cha kununua.

Tazama kwanza, usiguse

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, usiwashe injini. Geuza ufunguo mpaka taa za ubao wa shofere ziwake. Mwambie mwenzako asukume kishikio kushoto, nawe uzunguke gari mara moja. Tazama taa ya mbele, ya ubavuni kama iko, na ya nyuma. Fanya vivyo hivyo kwa kuume. Kisha abonyeze kitufe cha pembetatu, nawe uzunguke tena. Andika kila ulichoona katika karatasi, maana kichwa husahau, tena mwenye gari akikupigia kelele husahau zaidi.

Hesabu pia mikonyezo kwa saa. Klinyoteri nzima hukonyeza kati ya mara 60 na mara 120 kwa dakika moja. Ikikonyeza mbio kuliko hapo, inakuambia neno.

Sasa soma karatasi yako. Ikiwa upande mmoja wakonyeza mbio na taa moja ya upande huo haiwaki, basi rele ni nzima. Imehisi ya kuwa umeme unaopita umepungua, nayo inampasha shofere habari kwa kupiga mbio. Ndivyo rele nyingi za magari ya siku hizi zilivyotengenezwa. Rele za zamani sana, zile zinazofanya kazi kwa joto, huenda polepole au husimama kabisa ampuli moja ikifa. Kwa hiyo ukiona mbio, usinunue rele. Nenda kwa taa isiyowaka.

Ikiwa kishikio hakifanyi kazi kushoto wala kuume, lakini kitufe cha pembetatu kinawasha taa zote vizuri, furahi. Ampuli zote ni nzima, waya za kwenda kwa taa ni nzima, masi ni nzima, na katika magari mengi rele nayo ni nzima, kwa sababu ni hiyohiyo moja inayotumika kwa vyote viwili. Umebakiwa na fyuzi ya klinyoteri, kishikio, na kitufe chenyewe, maana katika magari mengi ya Japani umeme wa klinyoteri hupita ndani ya kitufe hicho kabla ya kufika kwa rele. Ukibonyeza na kuachia kitufe mara kumi, na klinyoteri ikaamka, umemjua mwenye kosa.

Ikiwa kishikio kinakataa upande mmoja tu, na kitufe cha pembetatu kinauwasha upande huo, ubovu uko ndani ya kishikio. Ikiwa hakuna kinachowaka kwa njia yoyote, tazama fyuzi zote mbili, kisha rele. Na ikiwa taa zinawaka lakini zimetulia bila kukonyeza, rele ndiyo ya kushtakiwa.

Taa ya kupimia

Chombo hiki kitengeneze mwenyewe. Twaa ampuli ndogo ya volti 12, ya wati 5, ikiwa katika kikombe chake, na waya mbili zenye urefu wa mita 2 au zaidi. Ncha ya waya moja funga kibanio, ya pili funga msumari mwembamba uliochongwa. Kibanio ukiweke kwenye masi safi, yaani chuma kisicho na rangi wala kutu, au kwenye (–) ya betri yenyewe. Kwanza gusa (+) ya betri kwa msumari: taa yako lazima iwake. Ukiacha jambo hili la kwanza, utaweza kuhukumu gari lote kwa kosa la kibanio chako. Angalia pia: kamyo nyingi kubwa zina volti 24, na ampuli ya volti 12 itakufa huko mara moja.

Kwa fyuzi, usitazame tu kwa macho, maana mara nyingine imepasuka mahali pasipoonekana. Ufunguo ukiwa umegeuzwa, gusa vichwa viwili vidogo vya chuma vilivyo juu yake. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imeungua. Isipowaka upande wowote, umeme haufiki hapo, nawe urudi nyuma kuelekea betri.

Waya ndefu ikikatika, usianze kuipima toka mwanzo mpaka mwisho kama mtu ahesabuye mahindi. Maji yakikosa kufika shambani, mkulima mwenye akili huenda katikati ya mfereji: maji yakiwapo pale, kizuizi kiko chini, yasipokuwapo, kiko juu. Kwa mtazamo mmoja ameachana na nusu ya kazi. Fanya hivyo na waya. Pima kwenye kiungo kilicho katikati ya gari, kisha katikati ya nusu iliyobaki. Kwa mara tatu au nne utakuwa umefika.

Mfano wa gari la kabichi

Chukua mfano huu. Kamyoneti imetoka upande wa Sake na kabichi, nayo yakonyeza mbio kwa kushoto. Fundi mmoja ameuza rele mpya, imewekwa, nayo yapiga mbio vilevile. Tufanyeje?

Twazunguka. Taa ya kushoto ya mbele yakonyeza, ya nyuma haikonyezi. Lakini mwenye macho aona jambo jingine: ile taa nyekundu ya nyuma, ambayo haikuwashwa na mtu, yakonyeza kidogo kwa wekundu hafifu. Shika alama hiyo. Nitakuambia maana yake.

Twafungua kioo cha taa. Twatoa ampuli na kuibadilisha na ile ya kuume. Ampuli iliyokuwa kushoto sasa yawaka vizuri kuume, na ile ya kuume yakataa kuwaka kushoto. Basi ampuli haina kosa, wala hatukutumia hata faranga moja kuijua. Twatia msumari wa taa ya kupimia katika kile kidoto cha chuma chini ya kikombe: taa yetu yakonyeza. Umeme unafika. Fyuzi nzima, rele nzima, kishikio kizima, waya nzima. Kitu gani kimesalia? Njia ya kurudi.

Twatwaa kipande cha waya, ncha moja kwenye ukingo wa kikombe cha ampuli, ncha nyingine kwenye chuma safi cha shasi. Mara taa ya nyuma yawaka, na mbio zakoma. Twafuata waya ya masi ya taa ile mpaka parafujo yake chini ya sanduku la gari, twaikuta imevaa kutu na matope magumu kama chungu. Twafungua, twasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, twakaza, twapaka grisi juu ili maji yasirudi. Kazi imekwisha. Rele ya zamani ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Sasa maana ya taa nyekundu. Umeme wa klinyoteri ulipokosa njia yake ya kurudi, uliiba njia ya jirani: ulipita katika uzi wa taa nyekundu, ukarudi kwa kuzungukia taa nyingine za gari. Ndiyo sababu nyekundu ilikonyeza. Kila uonapo taa zinazochanganya kazi, ya breki ikiwaka na ya klinyoteri, ya klinyoteri ikififia taa za usiku zikiwashwa, anza na masi. Kama una mita ya volti, weka ncha moja kwenye ukingo wa kikombe na nyingine kwenye (–) ya betri, taa ikiwa imewashwa. Masi njema itaonyesha karibu na sifuri, pungufu ya nusu volti. Ukiona volti 3 au 5, volti hizo zinapotea katika kutu badala ya kung'aa barabarani.

Nchi yetu ina jambo lake hapa. Mawe ya lava hutikisa gari mpaka parafujo zalegea, nalo vumbi lake huingia kila kiungo. Tena mvua iliyopita katika moshi wa Nyiragongo hupata asidi, nayo hula chuma haraka. Watu wa upande wa Rusayo wayajua mabati yao. Kwa hiyo masi za nyuma zisafishwe hata kabla hazijaharibika, kila mwanzo wa masika.

Fyuzi inayoungua tena

Hapa sitacheka na mtu. Fyuzi ikiungua mara moja, weka nyingine ya namba ileile: nyekundu ni ya ampea 10, buluu ni ya 15, manjano ni ya 20. Ikiungua tena, gari linakuambia ya kuwa waya imechubuka na kugusa bati mahali fulani. Watu wengine huweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au uzi wa shaba, wakasema, "Sasa haiungui." Ni kweli haiungui. Itaungua waya iliyo chini ya miguu ya shofere, katika gari lenye bidoni za petroli nyuma na watu juu ya mzigo.

Hesabu mwenyewe. Ampuli moja ya klinyoteri ni ya wati 21. Kwa volti 12 hula ampea 1 na robo tatu. Mbili za upande mmoja na ndogo ya ubavuni ya wati 5 hula karibu ampea 4. Hata zote za pande mbili hazipiti ampea 8. Basi fyuzi ya 10 ikiungua, si kwa sababu ni ndogo.

Angalia inaungua wakati gani. Ikiungua kabla ya kugusa kishikio, tafuta mwanzoni mwa njia, ukikumbuka ya kuwa fyuzi hiyo mara nyingi hulisha na vitu vingine. Ikiungua unaposukuma kushoto tu, waya ya kushoto imechubuka, nawe uifuate kwa macho na mikono: pale inapopita tundu la bati, pale panapokunjwa mlango wa nyuma, na chini ya sanduku ambapo mawe hupiga. Kabla ya kuigusa kwa kisu au koleo, fungua (–) ya betri.

Rele, kishikio na ampuli za siku hizi

Ikiwa kweli umefika kwa rele, ipime kabla ya kuinunua. Nyingi zina miguu mitatu: B hupokea umeme, L huutoa kwenda kwa kishikio, E ni masi. Itoe. Kwenye tundu la B taa ya kupimia iwake. Kwenye tundu la E pawe na masi. Kisha unganisha tundu la B na la L kwa kipande cha waya, na kishikio kiwe kushoto. Taa za kushoto zikiwaka bila kukonyeza, kila kitu ni kizima ila rele. Hapo enda Birere kwa moyo mweupe. Rele zenye miguu mingi zaidi usizifanyie hivyo, maana zina mambo mengine ndani.

Kishikio chenye vumbi husafishwa kwa dawa ya kupuliza ya viungo vya umeme. Usitie mafuta ya injini, kwa kuwa huvuta vumbi, wala petroli karibu na cheche. Tena gari likiwa na kifuko cha hewa ndani ya usukani, usifungue kitu cha usukani, wala usipime waya zenye viungo vya rangi ya manjano. Kifuko hicho hulipuka kwa umeme mdogo sana na kuvunja uso. Kazi hiyo mwachie fundi aliyejifunza.

Ampuli za LED zimeingia sana sokoni. Hazili umeme mwingi, na hiyo ni sifa. Lakini rele ya zamani ikiona umeme mdogo hivyo hufikiri ampuli imekufa, nayo hukonyeza mbio ingawa taa zote zinawaka. Hapo pana dawa mbili: kurudisha ampuli za uzi, au kuweka rele iliyotengenezwa kwa LED. Na ampuli isiyotaka kuingia usiilazimishe kwa koleo. Nyingi za rangi ya machungwa zina vipini viwili ambavyo havikutazamana sawasawa, makusudi ili zisichanganywe na nyeupe. Zile za nyuzi mbili zina kipini kimoja juu na kingine chini.

Ukisha kutengeneza, mpe mwenzako nafasi ya shofere, nawe uende nyuma hatua 50, jua likiwa limetua. Akonyeze kushoto, akonyeze kuume, akanyage breki huku anakonyeza, awashe taa za usiku huku anakonyeza. Hesabu mikonyezo kwa saa. Kisha mpige ngumi sanduku la gari karibu na kila taa, kama barabara ya Sake itakavyolipiga kesho. Taa ikizima kwa ngumi, bado kuna kiungo kilicholegea, na magunia yangojee kwanza.